Vani au Lori? Jibu kwa Msomaji Aliyeandika Kazi Zake za Siku 70

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mume na baba wa watoto wawili, na kwa miaka mitano sasa nimeishi kwa kazi ya kusafirisha mizigo ya watu kwa vani ambayo si yangu. Namlipa mwenye gari kwa siku, mafuta naweka mwenyewe, na kinachobaki ndicho changu. Mwezi uliopita mwenye gari aliniarifu kwamba analihitaji kwa shughuli zake na kwamba baada ya miezi miwili nitalazimika kulirudisha, hivyo uamuzi ambao nimeuahirisha kwa muda mrefu hauna budi kufanywa sasa.

Ninayo akiba. Inatosha kununua vani iliyotumika, iliyo katika hali nzuri, bila kukopa. Inatosha vilevile kulipia theluthi ya bei ya lori dogo ambalo uzito wake wa juu pamoja na mzigo ni kilo 7,500, lenye boksi la urefu wa mita 6, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.4, na lenye lifti ya kupakilia nyuma. Theluthi mbili zilizobaki ningezilipa kwa miezi 36. Muuzaji anasema lori hilo linabeba tani nne. Vani ninayoiendesha sasa ina nafasi ya mita za ujazo 11 na inabeba kilo 1,200.

Wateja wangu wa kudumu ni wanne. Msambazaji wa vipuri vya magari hunituma karibu kila siku kupeleka katoni chache zinazohitajika kwa haraka. Mtengenezaji wa samani hunipa sofa, makabati na magodoro. Kiwanda cha uchapaji hunipa karatasi, na muuzaji wa vigae vya sakafu huniita pale gari lake mwenyewe linapozidiwa na kazi. Kwa majuma 13 yaliyopita nimeandika kila kazi kwenye daftari, na hesabu ya siku 70 za kazi ni hii: siku 41 mizigo ya siku ilienea kwenye vani kwa safari moja, siku 18 nilikwenda safari mbili, kumi kati ya hizo kwa sababu wateja walitaka mizigo yao kwa saa tofauti na mahali tofauti, na nane kwa sababu samani hazikuenea, na siku 11 nilikataa kazi kubwa na kubaki na vijisafari vidogo, saba zikiwa kazi za samani na nne za vigae.

Jambo lililonitikisa ni kauli ya msimamizi wa stoo wa yule msambazaji wa vipuri. Ameniambia kwamba wana tawi umbali wa kilomita 300, na kwamba ningekuwa na lori angenipa safari mbili kila juma, kila moja ya tani mbili na nusu. Hatujaandikiana chochote.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki na ambaye neno lake silipuuzi, anasema kwamba anayenunua gari dogo hununua mara mbili. Mke wangu anasema hatalala usingizi tukiwa na deni la miaka mitatu. Wote wawili wananitakia mema, nami nimekwama katikati yao. Nakuomba unishauri.

Wako,
Dereva Asiye na Gari


Ndugu Dereva,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye lile daftari, kwa kuwa wengi wanaoniandikia kuhusu ununuzi wa magari ya mizigo hunieleza kwa kirefu magari waliyoyaona na hawaniambii lolote kuhusu mizigo watakayoibeba. Wewe umeanza na mzigo, na kwa sababu hiyo ninaweza kukujibu kwa hesabu zako mwenyewe. Nakuonya mapema kwamba hesabu hizo zitatufikisha kwenye gari ambalo hukulitaja.

Gari la mizigo hujaa kwa njia mbili, kwa uzito na kwa nafasi, na dereva asiyezitofautisha hununua gari la kutibu ugonjwa asiokuwa nao. Chukua karatasi za kile kiwanda cha uchapaji. Rimu moja ya A4 ya karatasi za gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, katoni ya rimu tano ni kilo 12.5, na katoni 80 ni tani moja kamili. Katoni hizo 80 zikipangwa vizuri hazifiki mita mbili za ujazo. Kwa hiyo vani yako ikiwa imebeba karatasi za kilo 1,200, mtu akichungulia kwa nyuma ataona gari karibu tupu, ilhali halistahimili hata katoni moja zaidi. Sasa chukua magodoro. Sponji ya kawaida ya godoro ina uzito wa kilo 20 hadi 30 kwa mita ya ujazo, maana yake vani hiyohiyo ikisheheni magodoro kutoka sakafuni hadi paani itakuwa imebeba kati ya kilo 220 na 330, takriban robo ya uwezo wake, na bado hakuna godoro jingine litakaloingia.

Ukigawanya kilo 1,200 kwa mita za ujazo 11 unapata kilo 109 kwa kila mita ya ujazo. Mzigo mzito kuliko kiwango hicho utaijaza vani kwa uzito kabla nafasi haijaisha, na mzigo mwepesi kuliko hapo utaimaliza nafasi kabla ya uzito. Nakusihi uiandike namba hiyo kwenye jalada la daftari lako, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ni nini hasa unachokosa.

Tulipime sasa lori kwa kipimo hichohicho. Boksi lake lina mita za ujazo 34 na nusu. Kuhusu zile tani nne, nina shaka nazo. Kilo 7,500 ni uzito wa vyote kwa pamoja: chesisi (fremu ya chini inayobeba gari zima), kabini, boksi, lifti ya nyuma ambayo peke yake ina uzito wa kilo mia kadhaa, wewe mwenyewe, utingo, mafuta, vifaa vya kufungia, na ndipo mzigo. Malori ya ukubwa huo yenye boksi na lifti kwa kawaida hubakiwa na tani tatu hivi, na mara nyingine pungufu. Usibishane na muuzaji. Mwombe lori lipelekwe mizani likiwa tupu, utoe uzito utakaosomwa kwenye 7,500, kisha utoe tena uzito wa watu wawili na wa tangi lililojaa. Tukichukua tani tatu, lori linabeba kilo 87 kwa kila mita ya ujazo. Unaona kilichotokea: nafasi imeongezeka zaidi ya mara tatu, lakini uwezo wa uzito umeongezeka mara mbili na nusu tu. Lori hilo limeumbwa kwa ajili ya sofa kuliko vigae. Mita moja ya mraba ya vigae vya kauri ina uzito wa kilo 15 hadi 20, kwa hiyo tani tatu ni mita za mraba 150 hadi 200, na hapo boksi litakuwa limejaa kwa uzito huku sehemu kubwa ya nafasi uliyoilipia ikiwa imebeba hewa.

Turudi kwenye siku 70. Siku 41 vani ilitosha. Siku kumi kati ya zile 18 za safari mbili hazina uhusiano wowote na ukubwa wa gari, kwa kuwa hata ungekuwa na lori la tani kumi ungeenda safari mbili vilevile, wateja wakiwa wametaka saa tofauti na mahali tofauti. Hizo ni siku 51. Siku ambazo gari kubwa lingekufaa kweli ni nane za samani zilizokulazimisha kurudi, saba za samani ulizozikataa, na nne za vigae. Jumla yake ni 19 katika majuma 13, yaani siku moja na nusu kwa juma, na kati ya hizo 15 ni za samani. Hukosi uwezo wa uzito, ndugu yangu. Unakosa nafasi.

Siku 51 zilizobaki lori lingekuwa linafanya kazi ya vani, na hilo lina gharama ambayo haionekani siku ya kununua. Tuchukue kwamba vani inatumia lita 10 za dizeli kwa kilomita 100 na lori lita 18, makadirio ambayo si mbali na hali halisi kwa magari ya ukubwa huo. Mzigo wa tani moja ukipelekwa kilomita 100 na gari likarudi tupu, vani itatumia lita 20 na lori 36. Mzigo wa tani tatu kwa umbali huohuo utaitaka vani iende mara tatu, yaani kilomita 600 na lita 60, wakati lori litaufikisha kwa safari moja na lita zilezile 36. Lori lililojaa ni gari la bei nafuu kuliko yote, na lori lililobeba katoni sita za vipuri ni hasara inayotembea. Aidha, siku linapokaa bila kazi, marejesho ya mkopo, bima na mshahara wa utingo haviegeshwi pamoja nalo.

Gari ninalokupendekezea lina kabini na chesisi ya vani kubwa, uzito wake wa juu pamoja na mzigo ni kilo 3,500, lakini nyuma limejengewa boksi la mstatili badala ya bodi ya chuma iliyopinda. Boksi la urefu wa mita 4.1, upana wa mita 2.1 na kimo cha mita 2.2 lina karibu mita za ujazo 19. Kuta zake zimenyooka, na sakafu haina vile vibumba vya matairi vinavyokula nafasi ndani ya vani, jambo ambalo mtu aliyewahi kuhangaika kuingiza sofa ya watu watatu analifahamu bila kuelezwa. Uwezo wake wa uzito unashuka, na usidanganywe katika hilo: tegemea tani moja hivi, au pungufu ukifunga lifti. Litakunywea mafuta zaidi kidogo kuliko vani, kwa sababu boksi pana linapingana na upepo. Sakafu yake iko juu zaidi, kwa hiyo utingo atachoka mapema. Kimo chake kinapita mita tatu, na malango mafupi pamoja na maegesho ya chini ya majengo yatakufungia.

Hukuniandikia vipimo vya samani, lakini zile za siku nane zilikwisha kwa safari mbili za vani, kwa hiyo hazikuzidi mita za ujazo 22, na nyingi bila shaka zilikuwa chini sana ya hapo, kwa kuwa sofa zikipangwa ndani ya kuta zilizopinda huacha mianya mikubwa isiyojazika. Naamini nyingi zitaenea kwenye boksi la mita 19. Zile saba ulizozikataa ndizo zinazohitaji uchunguzi. Mwendee mtengenezaji wa samani, umwombe akueleze kila kazi ilikuwa na vipande vingapi na vya ukubwa gani, kisha uvichore kwenye karatasi kwa vipimo vya boksi. Zikienea hata tano kati ya saba, gari hilo litakuwa limekutatulia hadi siku 13 kati ya 19 bila mkopo. Bei yake ikiizidi akiba yako, tafuta lenye umri mkubwa zaidi ambalo chesisi yake haijaliwa na kutu, na usiisahau tarehe ya matairi: namba nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni mwa tairi huonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la karatasi ambalo sitaki lipite, kwa sababu nimeona lilivyomfanya dereva mwema apoteze udhibiti wa usukani kwenye kona ya kawaida. Alikuwa na tani moja ya karatasi, chini ya kiwango cha juu cha mzigo wa gari lake, na kwa kuwa zilichukua nafasi ndogo alizipanga karibu na mlango wa nyuma ili kushusha kuwe rahisi. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya nyuma, hufanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya bembea. Ikiwa umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.6 na kitovu cha mzigo wa kilo 1,000 kiko sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo itaongezewa kilo 1,167, na ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 167. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Gari linaweza kuwa halijazidisha uzito wa jumla na bado likawa limezidisha uzito wa ekseli moja, na kibati cha taarifa kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango kina namba zote mbili. Panga karatasi mbele ya ekseli ya nyuma, uzifunge zisiteleze, na ukubali kutembea hatua tatu zaidi wakati wa kushusha. Kwenye gari la boksi sehemu ya nyuma hutokeza zaidi ya ekseli, hivyo onyo hili lina uzito maradufu.

Kuvuka kilo 3,500 pia ni kuingia katika kazi nyingine kisheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya daraja B huishia hapo, na kuanzia hapo hadi 7,500 dereva anahitaji daraja C1, gari linahitaji kifaa cha kurekodi saa za kuendesha, na mwendo wake unafungwa usizidi kilomita 90 kwa saa. Nchini Marekani leseni ya kibiashara inaanza kwenye pauni 26,001, takriban kilo 11,794, lakini kanuni nyingi za usalama wa magari ya biashara yanayovuka mipaka ya majimbo zinaanza kwenye pauni 10,001, takriban kilo 4,536. Kwa kuwa hukutaja nchi unayofanyia kazi, nenda kwa mamlaka ya leseni ukaulize maswali matatu: daraja la leseni yako linaishia kilo ngapi, lori la 7,500 linahitaji vibali gani, na mitaa ya wateja wako inaruhusu malori kwa saa zipi. Fanya hivyo kabla ya kulipa senti yoyote.

Tuje kwenye ile ahadi ya kilomita 300, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya uniandikie. Kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, safari ya kwenda ni saa nne na nusu na zaidi, na kwenda na kurudi ni saa tisa na robo za usukani mtupu, kabla hujahesabu kupakia, kusubiri na kushusha. Sheria ya Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na inaweka kikomo cha saa tisa kwa siku, kinachoweza kufika kumi mara mbili tu kwa juma. Hata mahali ambapo sheria haisemi hivyo, mwili unasema. Kila safari itachukua siku mbili, na safari mbili zitachukua siku nne za juma lako. Katika siku hizo nne, ni nani atakayezipeleka zile katoni za haraka za msambazaji yuleyule? Nani ataitikia simu ya mtengenezaji wa samani? Msimamizi wa stoo hakukupa kazi ya kuongeza juu ya kazi zako. Amekupa kazi ya kuchukua nafasi ya kazi zako, pengine bila yeye mwenyewe kutambua.

Na kuna suala la kurudi tupu. Kilomita 600 za kila safari zitakugharimu lita 108 kwa makadirio yetu, nawe utakuwa na mzigo kwa kilomita 300 tu. Bei isiyohesabu njia ya kurudi itakufukarisha hata kama lori limejaa kila unapoondoka. Juu ya hayo, wateja wengi wa namna hiyo hulipa baada ya ankara kukaa. Msambazaji akilipa baada ya siku 60, utakuwa umekwisha kufanya safari 17 na kuchoma zaidi ya lita 1,800 za dizeli kwa fedha zako, na marejesho mawili ya mkopo yatakuwa yamefika, kabla ya malipo ya kwanza. Akiba yako yote ikiwa imeingia kwenye malipo ya awali ya lori, fedha hizo zitatoka wapi? Nimewaona watu wenye kazi tele wakinyang'anywa magari kwa sababu hii, na kilio chao kilikuwa cha haki, kwa kuwa walifanya kazi kwa bidii kila siku.

Simaanishi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Ikiwa msambazaji atakuandikia mkataba unaotaja idadi ya safari kwa juma, muda usiopungua miaka miwili, namna bei itakavyopanda bei ya dizeli ikipanda, siku za malipo zisizozidi 30, na miezi ya kukuarifu kabla ya kuuvunja, na ikiwa utampata mteja upande wa pili mwenye mzigo wa kurudi nao hata kwa nusu ya bei, basi lori litakuwa na kazi siku nne za uhakika kwa juma, na nitakuwa wa kwanza kukwambia ukope. Wakati huo utahitaji dereva wa pili kwa gari dogo. Kwa sasa unachokishika mkononi ni neno la mtu mmoja ambaye anaweza kuhamishwa kesho. Mwombe barua. Mtu mwenye nia ya kweli hatakasirika kuombwa barua.

Kwa zile kazi nne za vigae, kodi lori pamoja na dereva wake siku hiyo. Faida yako itakuwa ndogo, lakini mteja atabaki kuwa wako. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni nani atakayewajibika vigae vikivunjika, kwa sababu bima ya gari hulinda gari, na mzigo unahitaji bima yake. Kila siku utakayokodi iandike kwenye daftari lilelile. Ukiona siku za kukodi zimefika tatu kwa juma kwa miezi mitatu mfululizo, hapo lori litakuwa limejiomba lenyewe.

Kuhusu kaka yako, naomba usimjibu kwa kumshinda hoja. Keti naye, mfungulie daftari, mwonyeshe zile siku 19 na umweleze ni zipi za nafasi na ni zipi za uzito; mtu aliyekulea atafurahi kuona unaijua kazi yako kwa namba. Analosema kuhusu kununua mara mbili lina ukweli, ila gari la kwanza lisilo na deni ndilo malipo ya awali ya gari la pili, na lori lililonyang'anywa haliachi kitu. Kwa mke wako pia kuna neno. Hofu yake ni ya busara leo kwa sababu hakuna mkataba, lakini mweleze kwamba ikiwa barua ya msambazaji itakuja yenye masharti hayo, mtalizungumzia deni upya, ili lisije likaonekana siku hiyo kuwa umevunja ahadi.

Juma hili, kabla hujaenda kutazama gari lolote, chukua futi ya kupimia uende kwa wateja wako wote wanne. Pima kimo cha lango la kila mmoja, pamoja na malango ya mahali unakopeleka mizigo yao mara kwa mara. Uliza kama wana jukwaa la kupakilia, kwa kuwa majukwaa mengi huwa na kimo cha mita 1.2 hivi, kimejengwa kwa ajili ya malori, na sakafu ya gari dogo hubaki chini yake. Uliza kama kuna foklifti upande wa kupokea. Lango likiwa chini ya mita 3.2 kwa yule msambazaji anayekupa kazi karibu kila siku, liache gari la boksi, ununue vani ndefu yenye paa la juu, na samani zitakazozidi uzikodishie lori pamoja na vigae.

Mshauri wako